Constance Baker Motley: Binti wa mpishi aliyekuwa jaji wa shirikisho Marekani

Mwaka 1966 Marekani ilipata kwa mara ya kwanza mwanamke mweusi kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho. Jina lake ni Constance Baker Motley. Kabla ya kukalia kiti hicho alikuwa wakili kwa miaka 20, akisafiri kwenda majimbo ambako hoteli hazikumpokea na magazeti hayakutaka hata kumwita Bibi Motley. Katika makala haya tunaeleza alivyofika huko, na kwa nini kazi yake bado inasomwa na wanasheria hadi leo.

Mtoto wa tisa katika nyumba ya watoto kumi na wawili

Constance Baker alizaliwa Septemba 14, 1921, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi kilichokuwa koloni la Uingereza. Walipata watoto kumi na wawili, naye alikuwa wa tisa.

Baba yake alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Yale, chuo cha watoto wa matajiri. Familia iliishi karibu kabisa na chuo hicho, lakini kwa watu kama wao Yale ilikuwa mahali pa kupika na kufagia. Mama yake alifanya kazi za ndani, na pia alikuwa mmoja wa waliosimamisha tawi la New Haven la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi.

Kaskazini hakukuwa na vibao vya kutenganisha watu kama kusini. Hata hivyo, alipokuwa na umri wa miaka 15, Constance na wenzake walifukuzwa ufukweni kwa sababu ya rangi yao. Alizuiwa pia kuingia ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Msichana huyo aliyependa kusoma vitabu vya historia akaanza kusema kwamba atakuwa mwanasheria. Watu walimcheka. Wakati huo mawakili wanawake walikuwa wachache sana, na wanawake weusi walihesabika kwa vidole.

Maneno yaliyomlipia masomo

Alimaliza sekondari mwaka 1939 akiwa na alama nzuri, lakini mshahara wa mpishi haukuweza kumpeleka chuo. Akapata kibarua cha kukarabati viti katika mpango wa serikali wa ajira kwa vijana.

Kisha kukawa na mkutano katika jumba la jamii la mtaani kwao. Wafadhili walitaka kujua kwa nini watu weusi hawalitumii jumba hilo, ingawa lilijengwa kwa ajili yao. Constance akasimama na kueleza sababu bila kuzunguka: wajumbe wote wa bodi walikuwa Wazungu, na wenyeji hawakuwa na sauti katika kuliendesha. Wazee wengine walishtuka kumsikia binti mdogo akisema hivyo mbele ya wafadhili.

Miongoni mwa waliosikiliza alikuwapo Clarence Blakeslee, mkandarasi wa Kizungu aliyetoa fedha za kujenga jumba hilo. Badala ya kukasirika, aliulizia matokeo yake ya shule na kumwita ofisini. Akataka kujua kwa nini binti kama yeye hayuko chuoni. Constance alimjibu kwamba hana fedha, na kwamba anataka kusomea sheria. Mzee huyo alikiri kwamba hajui sana habari za wanawake na sheria, lakini akaahidi kumlipia kwa kadiri atakavyofika, na ahadi akaitimiza.

Alianza mwaka 1941 katika Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Akiwa safarini alilazimika kwa mara ya kwanza maishani kuhama behewa na kuingia lile la watu weusi, bovu na chakavu. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha New York, akahitimu uchumi mwaka 1943, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Columbia na kumaliza sheria mwaka 1946. Mwaka huohuo aliolewa na Joel Motley, na baadaye wakapata mtoto mmoja wa kiume.

Katika ofisi ya Thurgood Marshall

Akiwa bado mwanafunzi alikwenda kwenye usaili katika ofisi moja ya mawakili mjini New York. Walipomwona mlangoni usaili ukaisha hapohapo. Lakini mwaka 1945 alipata kazi ya ukarani wa sheria katika mfuko wa utetezi wa NAACP, na alipohitimu akabaki hapo kama wakili.

Aliyemwajiri ni Thurgood Marshall, mkuu wa mfuko huo. Jina hili lina historia Afrika Mashariki pia. Mwaka 1960 Marshall alikwenda London kama mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House.

Mpango wa Marshall na wenzake ulikuwa kuushambulia ubaguzi kwa kesi. Katiba ya Marekani, katika marekebisho ya 14, inasema kila mtu ana haki ya kulindwa sawa na sheria. Majimbo ya kusini yaliyakwepa maneno hayo kwa kuwatenganisha watu weusi na Wazungu shuleni, kwenye mabasi na hospitalini, yakidai kwamba huduma zilikuwa sawa. Mawakili hawa waliingia mahakamani na orodha za mishahara, picha za madarasa na hesabu za vitabu kuonyesha kwamba hazikuwa sawa.

Jackson, 1949

Kesi yake ya kwanza kusini ilikuwa mjini Jackson, jimbo la Mississippi. Walimu weusi walilipwa mshahara mdogo kuliko walimu Wazungu kwa kazi ileile. Motley alikwenda na wakili mwenzake, Robert Carter.

Habari zilienea kwamba mawakili weusi wawili wametoka New York, na mmoja ni mwanamke. Ukumbi wa mahakama ukafurika. Watu weusi walikuja kuona jambo ambalo hawajawahi kuliona, na Wazungu wakaja kuona kioja. Nyuma ya kiti cha jaji ukuta ulikuwa na mchoro mkubwa unaoonyesha maisha ya Mississippi, na ndani yake watu weusi wakichuma pamba. Chini ya mchoro huo Motley alisimama kuwahoji maofisa wa Kizungu. Gazeti la mji lilipoandika habari zake halikumpa heshima ya Bibi. Lilimtaja kama mwanamke tu, likafuatisha jina la ukoo.

Kesi hiyo hawakuishinda. Lakini walimu waliokaa kwenye viti vya nyuma walimwona mtu wa rangi yao akiuliza maswali, na ofisa wa serikali akilazimika kujibu.

Hukumu ilitoka, milango haikufunguka

Mwaka 1950 Motley aliandika hati ya kwanza ya madai katika kesi iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote, Brown dhidi ya Bodi ya Elimu. Mei 17, 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba kuwatenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja katiba.

Mtu angedhani kazi imekwisha, lakini kwa Motley ndipo ilipoanza. Kuelewa sababu, inabidi kujua mahakama za Marekani zilivyo. Kila jimbo lina mahakama zake, na juu ya mambo ya katiba ya nchi kuna mahakama za shirikisho, ambazo ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mahakama hizo za shirikisho zina ngazi tatu: mahakama ya wilaya, mahakama ya rufaa na Mahakama ya Juu. Uamuzi wa Mahakama ya Juu unalifunga kila jimbo. Lakini ikiwa gavana, bodi ya shule au mkuu wa chuo hataki kutii, lazima mtu aende kumshtaki, mahali pale alipo, mbele ya jaji wa pale pale.

Hiyo ndiyo ikawa kazi ya Motley kwa miaka kumi iliyofuata. Alishughulikia kesi ya kumwingiza Autherine Lucy katika Chuo Kikuu cha Alabama. Mwaka 1961 alishinda kesi iliyowafungulia Charlayne Hunter na Hamilton Holmes mlango wa Chuo Kikuu cha Georgia. Hunter akawa mwanahabari maarufu, Holmes akawa daktari wa mifupa.

Safari 22 kwenda Mississippi

Kesi iliyomjaribu zaidi ilimhusu James Meredith, kijana mweusi aliyetumikia jeshi la anga la Marekani kwa miaka tisa. Mwaka 1961 aliomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Mississippi, akamwandikia Marshall kuomba msaada. Marshall alimpa Motley jalada hilo. Aliamini kwamba kusini mwanamke mweusi hayumo hatarini kama mwanamume mweusi. Motley hakuwa na uhakika na hoja hiyo, lakini alikubali.

Chuo hakikusema kwamba kinamkataa Meredith kwa rangi yake. Kilidai makaratasi. Kila mwombaji alitakiwa kuleta barua za watu watano waliowahi kusoma hapo, wakimthibitisha kuwa ana tabia njema. Waliowahi kusoma hapo wote walikuwa Wazungu. Ni sawa na kuambiwa ulete barua ya utambulisho kutoka kwa watu ambao huruhusiwi hata kupanda barazani kwao.

Motley aliyafukua makaratasi hayo moja baada ya jingine. Jaji wa wilaya aliahirisha kesi mara kwa mara, kisha akaamua kwamba hakuna ubaguzi. Motley akakata rufaa New Orleans, akashinda Juni 1962. Jaji mmoja wa mahakama hiyo ya rufaa akatoa amri ya kusimamisha hukumu. Ilipofutwa akatoa nyingine, hadi mara nne. Motley akaenda Mahakama ya Juu, na Septemba 1962 mazuio yote yakaondolewa. Kwa hesabu yake alifunga safari 22 kwenda Mississippi kwa kesi hii moja.

Hakuwa na hoteli ya kulala. Alilala kwa familia za watu weusi, ikiwamo nyumba ya Medgar Evers, kiongozi wa NAACP katika jimbo hilo, ambaye pia alimwendesha kwa gari lake. Siku nyingine polisi waliwafuata barabarani.

Gavana wa Mississippi, Ross Barnett, alisimama mwenyewe kumzuia Meredith licha ya amri ya mahakama. Rais John Kennedy akapeleka maofisa wa shirikisho, na usiku wa Septemba 30 chuo kikageuka uwanja wa vita. Watu wawili waliuawa, mmoja wao mwandishi wa habari kutoka Ufaransa, na maofisa zaidi ya 160 walijeruhiwa. Jeshi likaingia. Asubuhi yake, Oktoba 1, Meredith alijiandikisha, na Agosti 1963 alihitimu.

Medgar Evers hakuiona siku hiyo ya mahafali. Alipigwa risasi nje ya nyumba yake Juni 12, 1963, akafa. Motley alikuwa amepoteza rafiki.

Watoto wa Birmingham

Mwezi mmoja kabla ya mauaji hayo, alikuwa mjini Birmingham, jimbo la Alabama. Maelfu ya watoto na vijana walikuwa wameandamana wakiitikia wito wa Martin Luther King, na wengi walifungwa. Bodi ya elimu ikawafukuza au kuwasimamisha masomo wanafunzi zaidi ya 1,000, siku chache tu kabla ya kufunga mwaka wa shule.

Wazazi wengi walikuwa maskini, na kwao shule ndiyo ilikuwa tumaini pekee la watoto. Kama watoto wangepoteza mwaka, huenda wazazi wangewageuka viongozi wa maandamano. Asubuhi ya Mei 22 jaji wa wilaya alikataa ombi la Motley. Alipanda ndege kwenda Atlanta, akafika mbele ya jaji mkuu wa mahakama ya rufaa, na kabla siku haijaisha alipata amri ya kuwarudisha watoto wote darasani.

Kesi kumi mbele ya Mahakama ya Juu

Mwaka 1961 Motley alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutetea kesi mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Mteja wake, Charles Hamilton, alihukumiwa kifo Alabama baada ya kusomewa mashtaka bila kuwa na wakili. Mahakama ilikubaliana na Motley kwamba katika shtaka linaloweza kumtoa mtu uhai, lazima awe na wakili tangu hatua hiyo.

Alitetea kesi kumi mbele ya mahakama hiyo, akashinda tisa. Aliyoshindwa ni ya Robert Swain, mtu mweusi aliyehukumiwa kifo Alabama. Katika kesi kama hizo hatia huamuliwa na raia 12 wanaochaguliwa kusikiliza kesi, na mwendesha mashtaka alikuwa amewaondoa watu weusi wote waliokuwa kwenye orodha. Mwaka 1965 mahakama ilisema ushahidi wa ubaguzi hautoshi. Mwaka 1986, katika kesi nyingine, mahakama hiyohiyo iliubadili msimamo wake na kuja upande aliousimamia Motley zaidi ya miaka 20 nyuma.

Hata hivyo, ndani ya ofisi yake mwenyewe kulikuwa na ukuta. Marshall alipoondoka mwaka 1961 kwenda kuwa jaji, nafasi yake alipewa Jack Greenberg, mwanamume Mzungu aliyejiunga na mfuko huo baada ya Motley. Motley aliamini kwamba kuwa mwanamke kulimponza, na aliliandika hilo baadaye katika kitabu cha maisha yake.

Miezi saba ya kusubiri

Mwaka 1964 aliingia Seneti ya jimbo la New York, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Manhattan, moja ya maeneo matano ya jiji la New York.

Januari 1966 Rais Lyndon Johnson alimteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho ya Wilaya ya Kusini ya New York, moja ya mahakama zenye kesi nzito zaidi nchini humo. Jaji wa shirikisho huteuliwa na rais, huthibitishwa na Seneti ya taifa, na hubaki kazini maisha yake yote akitaka. Hakuna gavana wala chama kinachoweza kumwondoa kwa sababu hakipendi hukumu zake.

Ndiyo maana wapinzani walijaribu kumkwamisha mapema. Mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayochuja majaji alikuwa James Eastland, seneta wa Mississippi, jimbo lilelile. Alimhusisha Motley na ukomunisti, tuhuma iliyoweza kumaliza kazi ya mtu enzi hizo. Uteuzi ulikwama miezi saba. Agosti 30, 1966, Seneti ilimthibitisha.

Je, jaji mweusi anaweza kutenda haki?

Swali hilo aliulizwa ana kwa ana mwaka 1975. Mwanasheria mwanamke alikuwa ameishtaki kampuni kubwa ya mawakili ya New York, Sullivan & Cromwell, kwa kuwabagua wanawake katika ajira. Kampuni ikaomba Motley ajitoe. Hoja yake ilikuwa kwamba jaji aliye mwanamke, tena mweusi, na aliyewahi kutetea waliobaguliwa, ataegemea upande wa mlalamikaji.

Motley alikataa. Alieleza kwamba kama jinsia au rangi ya jaji ni sababu ya kumtilia shaka, basi hakuna jaji yeyote atakayebaki, kwa kuwa kila jaji ana jinsia, ana rangi na ana kazi aliyoifanya kabla ya kuwa jaji. Majaji wanaume Wazungu walikuwa wakisikiliza kesi za wanaume Wazungu kila siku, na hakuna aliyewataka wajitoe. Kesi iliendelea na hatimaye ikaisha kwa makubaliano. Hoja yake bado hutumiwa mahakamani Marekani kila mtu anapojaribu kumkataa jaji kwa sababu ya asili yake.

Mwaka 1978 alisikiliza kesi ya Melissa Ludtke, mwandishi wa habari za michezo aliyezuiwa kuingia chumba cha wachezaji wa besiboli, huku waandishi wanaume wakiruhusiwa kuwahoji humo. Motley aliona kwamba uwanja ni mali ya jiji, yaani ya umma, kwa hiyo ubaguzi humo ni suala la katiba. Aliamuru waandishi wanawake wapewe nafasi sawa.

Hukumu zake hazikudumu zote. Mwaka 1970 aliamua kwamba mfungwa Martin Sostre alionewa kwa kufungiwa peke yake zaidi ya mwaka mmoja, akaamuru alipwe fidia, lakini mahakama ya rufaa ilitengua sehemu ya uamuzi huo. Tena wapo watu weusi na wanawake waliokuja mbele yake na malalamiko ya ubaguzi wakaondoka mikono mitupu, kwa sababu hakuuona ushahidi. Waliodhani atawapendelea walikuwa wamekosea.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1982 alikuwa jaji mkuu wa mahakama hiyo ya wilaya, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Alipumzika uongozi mwaka 1986, lakini aliendelea kusikiliza kesi. Mwaka 2001 Rais Bill Clinton alimpa nishani ya heshima kwa raia. Alifariki dunia mjini New York Septemba 28, 2005, akiwa na umri wa miaka 84, bado akiwa jaji.

Mwaka 2022 Ketanji Brown Jackson alipoteuliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya Marekani, alimtaja Motley mbele ya taifa. Wanachangia siku ya kuzaliwa, Septemba 14, wakipishana miaka 49. Motley alifika mbele ya mahakama hiyo mara kumi, kila mara akisimama upande wa mawakili, akiwatazama wanaume tisa. Leo mmoja wa wanaoketi kwenye viti hivyo ni mwanamke mweusi, na kesi ya Hamilton, ya mtu aliyesomewa mashtaka ya kifo bila wakili, ingali sheria.